Maswali na Majibu: Mtoto Yuko Kwenye Rejista, Je, Yuko Darasani?

Barua nyingi za toleo hili zinahusu jambo moja: mtoto kukosa shule. Mwaka 2025 UNESCO ilikadiria kwamba watoto na vijana milioni 272 duniani hawako shuleni, na milioni 130 kati yao ni wa umri wa sekondari ya juu. Hao ni wale ambao hawakuandikishwa au walikwisha kuacha. Wapo pia wengine wengi ambao majina yao yanaitwa kila asubuhi na anayeitikia ni jirani wa dawati. Tumeanza na barua inayowahusu hao.

Nafundisha darasa la tano lenye wanafunzi 60. Kila mwezi najaza wastani wa mahudhurio, unakuja asilimia 91 au 92, na mwalimu mkuu anaridhika. Lakini naona kuna watoto wanapotea mmoja mmoja. Nitawatambuaje kabla hawajaacha kabisa?
*Mwalimu, Kilwa*

Mwalimu, macho yako yanaona sawa, wastani ndio unaokuficha. Tuchukue mwezi wenye siku 20 za masomo. Wanafunzi 60 mara siku 20 ni mahudhurio 1,200. Asilimia 91 maana yake wamekosekana mara 108. Ukizigawa sawasawa, kila mtoto hajafikisha hata siku 2, na hapo hakuna tatizo. Lakini hizo hizo 108 zinaweza kuwa watoto 7 waliokosa siku 12 kila mmoja, yaani 84, na wengine 53 wakagawana 24 zilizobaki. Watoto 7 wamepoteza zaidi ya nusu ya mwezi, na fomu inayopelekwa kwa Afisa Elimu Kata inasema darasa liko vizuri.

Kwa hiyo usijumlishe rejista kwenda chini peke yake. Jumlisha kwenda pembeni pia, mstari wa kila mtoto, kila Ijumaa. Marekani wanatumia kipimo cha asilimia 10: mtoto aliyekosa sehemu ya kumi ya siku za masomo anahesabiwa kuwa mtoro sugu, hata kama zote zilikuwa na ruhusa. Mwaka wetu wa masomo Tanzania una siku 194, kwa hiyo mpaka ni siku 19 kwa mwaka, au siku 2 kwa mwezi. Akifikisha 2, piga simu nyumbani. Akifikisha 4, mtu aende nyumbani wiki hiyo hiyo. Ukingoja afikishe mwezi mzima utakuta ameshapewa kazi, na familia imeshazoea kipato chake.

Ukishawapata, angalia ni siku gani wanakosa. Hapo rejista inasema mengi kuliko mtoto mwenyewe. Anayekosa siku moja ile ile ya kila wiki, tazama siku ya gulio. Anayepotea wiki mbili mfululizo mpunga unapokomaa, yuko shambani anaamia ndege. Pwani, na kwenye maziwa pia, dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kwa hiyo kijana anayetokea vizuri mbalamwezi inapokuwa kubwa na kupotea giza linapoingia ana kazi ya usiku ufukweni. Kwenu Kusini kuna msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, wakati mitihani ya mwisho wa mwaka ndiyo inakaribia. Kila sababu ina dawa yake. Mzazi wa mtoto wa gulio unaweza kukubaliana naye mtoto asaidie kupanga bidhaa alfajiri kisha aje shule. Mtoto wa dagaa hawezi kukesha na kusoma, na hapo inabidi uongee na mwenye chombo kupitia mtendaji wa kijiji.

Rejista nyingi huharibika kwa sababu tatu. Hujazwa Ijumaa kwa kumbukumbu. Huitwa asubuhi tu, na aliyetoroka wakati wa mapumziko anabaki "yupo", kwa hiyo hesabu vichwa tena baada ya mapumziko. Ya tatu ndiyo mbaya zaidi: mwalimu anaogopa kwamba akiandika watoro wengi atalaumiwa yeye, basi anapunguza. Mwalimu mkuu akiweka wazi kwamba hakuna atakayeulizwa kwa kuandika ukweli, takwimu za mwezi wa kwanza zitashuka sana, nanyi mtakuwa na pa kuanzia.

Jambo moja zaidi, na hili tunalisisitiza. Fimbo ya wachelewaji getini inazalisha watoro. Mtoto aliyechelewa dakika ishirini, akijua anachapwa, anageuka na kukaa vichakani au ufukweni hadi wenzake watoke, kisha anarudi nao nyumbani. Mama anaamini alikuwa shule. Umepoteza vipindi vyote vya siku kwa ajili ya dakika ishirini. Mruhusu aingie, andika muda aliofika, na swali la kwa nini ulichelewa muulize mzazi.

Wanasema elimu ni bure, lakini mwanangu wa darasa la tatu amerudishwa nyumbani mara mbili kwa sababu sijatoa mchango wa chakula. Mahindi sina, mwezi wenyewe ni Februari. Je, wana haki ya kumrudisha?
*Mama wa watoto wanne, Manyoni*

Hapana, Mama. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, na waraka Namba 3 wa 2016 ukafafanua nani anabeba nini. Mzazi amebaki na sare, madaftari, kalamu, matibabu na chakula cha mwanawe wa kutwa. Chakula kweli ni jukumu lako. Lakini makubaliano ya chakula ni ya wazazi katika kikao, na mtoto hafukuziwi deni la mzazi.

Nenda kwa mwalimu mkuu kwanza, peke yako, bila ugomvi, umweleze una uwezo gani na utalipa lini. Omba kuona muhtasari wa kikao kilichopanga kiwango. Asipomrudisha mtoto darasani, mwone mwenyekiti wa kamati ya shule, kisha Afisa Elimu Kata, na mwisho ofisi ya elimu ya halmashauri, kwa barua yenye tarehe alizorudishwa. Chochote utakachotoa, kiwe debe au noti, dai stakabadhi.

Pamoja na hayo, tuseme ukweli wa upande wa shule. Ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na inayofika shuleni ni 6,000, nyingine inabaki kwa ajili ya vitabu. Shule ya watoto 400 inapata milioni 2.4 kwa mwaka, yaani laki mbili kwa mwezi, ya chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na mengineyo. Humo hakuna uji. Ndiyo maana tunawaomba kamati za shule zinazosoma hapa zisiache kupanga chakula, ila zipange kwa hesabu na kwa msimu.

Hesabu yenyewe si kubwa. India, ambako Mahakama ya Juu iliamuru Novemba 2001 kwamba kila shule ya msingi ya serikali itoe chakula kilichopikwa, kipimo cha mtoto wa msingi ni gramu 100 za nafaka, gramu 20 za jamii ya kunde na gramu 5 za mafuta kwa siku. Zidisha kwa siku zetu 194: kilo 19.4 za mahindi, kilo 3.9 za maharage, mafuta karibu lita moja. Yaani debe moja la mahindi na kidogo juu yake, kwa mtoto, kwa mwaka mzima. Mkisaga dona hakuna kinachopotea sana, mkikoboa, ongezeni. Makande yanaokoa gharama ya mashine lakini yanakula kuni.

Makosa yanajirudia kila mahali. La kwanza ni kudai Januari na Februari. Mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Singida na Dodoma, ghala la nyumbani limekwisha miezi hiyo na bei ya gunia iko juu. Kusanyeni mavuno yanapoingia, Juni hadi Agosti, kwa ajili ya mwaka unaofuata. La pili ni kupokea mahindi mabichi, yanayoingia ukungu na sumukuvu. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Kama hamna kipimo, chukueni chupa kavu, tieni punje kiasi na kijiko cha chumvi kavu, tikiseni vizuri, kisha subirini robo saa: chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisheni mahindi juani. Magunia yakae juu ya vichanja, yasiguse ukuta, na mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, inafaa gharama yake kwa sababu dumuzi hawapumui humo. La tatu ni kusahau mpishi. Kama ujira wake haumo kwenye hesabu ya kikao, mwezi wa tatu ataondoka, na wasichana wa darasa la sita watageuzwa wapishi na wachota maji.

Mzazi asiye na mahindi alipe kwa kuni, kwa maji au kwa zamu ya jikoni. Mtoto wake ale na wenzake, sahani ile ile. Ukimtenga mtoto wakati wa chakula siku tatu, ya nne haji.

Nilikatiza masomo kidato cha pili nikiwa mjamzito, miaka mitatu iliyopita. Nilikuwa nimeshafanya mtihani wa upimaji na nilifaulu. Sasa nina miaka 19 na mtoto anatembea. Shule yangu ya zamani itanipokea?
*Binti, Tarime*

Binti, hongera kwa kufaulu upimaji, maana matokeo hayo yanakuokolea mwaka.

Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021 ulifungua mlango kwa waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwemo. Mwongozo uliofuata mwaka 2022 uliweka muda wa miaka 2 kurejea katika mfumo wa kawaida. Wewe umepitisha huo muda. Usivunjike moyo, kwa sababu njia mbadala inakufaa vizuri zaidi kwa hali ya kuwa na mtoto mdogo.

Nenda ofisi ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya mkoa wako. Wana mpango wa sekondari kwa wasichana wa miaka 13 hadi 21 waliokatiza masomo, ulioanza chini ya mradi wa kuboresha elimu ya sekondari (SEQUIP), na umri wako unaingia. Masomo ya miaka minne hufupishwa kuwa miwili: hatua ya kwanza ni kidato cha kwanza na cha pili, hatua ya pili ni cha tatu na cha nne. Kwa kuwa ulifaulu upimaji, omba uingizwe hatua ya pili. Asiyekuwa na upimaji hulazimika kufanya kwanza mtihani wa maarifa, unaojulikana kwa jina la QT, ndipo aruhusiwe mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Beba cheti cha kuzaliwa, cheti cha darasa la saba na namba yako ya mtihani wa upimaji. Kama vimepotea, namba iko kwenye kumbukumbu za shule yako. Hakikisha jina ni lile lile kwenye karatasi zote; herufi moja ikitofautiana, itakusumbua siku ya kuchukua cheti.

Wengi wanakwama kwenye usajili wa mtihani. Watahiniwa wa kujitegemea husajiliwa miezi ya mwanzo ya mwaka, wakati mtihani ni kuelekea mwisho wa mwaka. Mtu anasoma kwa bidii, anaulizia usajili Juni, anaambiwa mwakani. Jambo jingine ni vituo vya mtaani vinavyopokea hela bila kuwa na namba ya kituo ya Baraza la Mitihani (NECTA). Kabla hujatoa hata shilingi, omba namba hiyo na uithibitishe kwa Afisa Elimu. Na kabla hujaanza, kubaliana na mama au dada nani atakaa na mtoto na saa ngapi, kwa sababu ratiba ya kituo haitasubiri.

Sekondari ya kata iko kilomita 7. Binti yangu anataka kupanga chumba karibu na shule na wenzake. Nimruhusu?
*Baba, Mpwapwa*

Baba, mageto ya wanafunzi yasiyo na mtu mzima ndimo wasichana wengi wanamokatishiwa masomo. Tungependa ujaribu kwanza mambo mawili. Uliza kama shule ina hosteli ya wazazi, au kama kuna ndugu wa kuaminika kijiji kile. La pili ni baiskeli.

Jimbo la Bihar nchini India lilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana wa darasa la tisa fedha ya kununua baiskeli, rupia 2,000. Uandikishaji wa wasichana sekondari uliongezeka kwa karibu asilimia 30, na ongezeko kubwa lilikuwa vijiji vilivyo zaidi ya kilomita 3 kutoka shuleni. Sababu mojawapo ni kwamba wasichana waliendesha baiskeli kwa makundi, hawakuwa peke yao. Kwa hiyo wazazi watano wakinunua pamoja, ni bora kuliko wewe mmoja. Kilomita 7 kwa baiskeli ni nusu saa hivi kwenye barabara nzuri, kwa miguu ni saa moja na nusu. Tenga pia hela ya tairi, tyubu na breki kila muhula. Baiskeli inayolala na pancha wiki mbili haimpeleki mtu shule.

Nimesikia Brazil serikali inazilipa familia mtoto akihudhuria. Kwetu je?
*Msomaji, Tabora*

Ipo. Brazil, kupitia Bolsa Família, inadai mahudhurio ya asilimia 75 kwa watoto wa miaka 6 hadi 18. Meksiko ilianza mwaka 1997, fedha zikapitia mikononi mwa akina mama na msichana wa sekondari akapewa zaidi ya mvulana. Kwetu ni Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini wa TASAF, na sharti ni asilimia 80 ya siku za masomo. Familia nyingi hukatwa bila mtoto kutoroka: amehama shule na taarifa haikubadilishwa, au fomu ya mahudhurio haikujazwa. Ukihamisha mtoto, mwambie mwakilishi wa mpango kijijini wiki hiyo hiyo.

Tunaishi Leicester. Mdogo wangu anaoa Mombasa mwezi wa tano. Nikiwachukua wanangu wawili wiki mbili, tutatozwa faini?
*Baba, Leicester*

Inawezekana sana. England hesabu ni ya nusu siku. Nusu siku 10 bila ruhusa ndani ya wiki 10 za masomo, yaani siku 5 kamili, zinatosha kuifanya shule ifikirie faini. Wiki mbili ni nusu siku 20. Tangu Agosti 2024 faini ni pauni 80 ikilipwa ndani ya siku 21, na pauni 160 baada ya hapo hadi siku ya 28. Inatozwa kwa kila mzazi na kwa kila mtoto: wazazi wawili, watoto wawili, pauni 320 ukilipa mapema. Faini ya pili kwa mtoto yule yule ndani ya miaka 3 ni 160 moja kwa moja. Mara ya tatu hakuna faini ya aina hiyo tena, suala linaweza kwenda mahakamani, na huko kikomo ni pauni 2,500. Uskoti na Wales wana taratibu zao.

Anayetoa ruhusa ni mwalimu mkuu peke yake, kwa sababu za kipekee. Andika barua mapema, ambatanisha kadi ya mwaliko, omba siku 3 au 4 za harusi yenyewe badala ya wiki mbili. Mwisho wa Mei shule nyingi za England zina likizo ya wiki moja. Mkiiambia familia ya bibi harusi mapema, sherehe inaweza kuangukia humo. Msiseme mtoto anaumwa. Watoto huhadithiana darasani, na ruhusa ijayo hamtaipata. Mkikaa zaidi ya ruhusa mliyopewa, siku 10 za shule zikipita bila shule wala halmashauri kuwapata, jina linaweza kufutwa na nafasi akapewa mwingine.

Tumefika Louisville tukitokea kambi ya Nyarugusu. Kijana wangu ana miaka 17. Tunakaa kwa shemeji, mkataba wa nyumba si wetu. Tumeambiwa umri wake umepita, aende madarasa ya watu wazima. Ni kweli?
*Mama, Louisville*

Mama, karibuni, na msikubali haraka. Majimbo mengi ya Marekani yanamruhusu kijana kusoma sekondari hadi miaka 20 au 21. Wengine huelekezwa kwa watu wazima kwa sababu shule inaona hatawahi kumaliza. Uamuzi huo ni wenu. Ombeni uandikishaji kwa maandishi, na kama wanakataa, wakatae kwa maandishi.

Shule ina haki ya kuuliza umri, chanjo na mahali mnapoishi. Haina sababu ya kuuliza hati za uhamiaji. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Plyler ya mwaka 1982, mtoto hazuiwi shule ya umma kwa sababu hiyo. Kukosa namba ya hifadhi ya jamii hakumzuii pia. Na kukaa kwa shemeji kwa kukosa nyumba yenu kunaangukia sheria ya McKinney-Vento ya 1987, ya watoto wasio na makazi yao: mtoto anaingia darasani mara moja, karatasi zinatafutwa akiwa anasoma. Kila wilaya ya shule ina afisa wa McKinney-Vento. Mwombeni kwa cheo hicho.

Mtajazishwa fomu ya lugha ya nyumbani. Andikeni lugha mnayoongea kweli, Kiswahili au Kibembe. Wengine huandika Kiingereza wakidhani ndiyo heshima, na mtoto anakosa masomo ya Kiingereza anayostahili. Ombeni mkalimani, ni bure, na msimtumie kijana mwenyewe kutafsiri kikao kinachomhusu.

Kisha tafuteni ripoti zake za shule. Nyarugusu watoto wa Kikongo husoma mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, na ripoti hizo zina thamani: hisabati, fizikia na hata Kifaransa chenyewe vinaweza kuhesabiwa katika alama za kumaliza sekondari. Zitafsiriwe na mkabidhi nakala, asilia ibaki kwenu. Kama zilipotea njiani, ombeni apimwe kwa mtihani kabla ya kupangiwa darasa. Wakimpanga darasa la tisa bila kumpima, ombeni kikao na mshauri wa wanafunzi ndani ya wiki mbili za mwanzo, kabla ratiba za muhula hazijafungwa.